Fungu la Aliyelala Nyumbani

Mchezo wa kwanza ambao Angèle aliupiga marufuku ulikuwa wa kujificha.

Watoto wa dada yake, Nyota na Timothée, waliupenda kuliko chakula. Walikijua kila kificho cha nyumba ile ya Mangobo, mtaa wa Kisangani: nyuma ya pipa la maji, chini ya kitanda, ndani ya gunia la makaa. Lakini mtoto anayetafuta pa kujificha, akishamaliza pembe zote za chini, huinua macho. Juu palikuwa na dari ya mikeka, na juu ya mikeka, chini ya mabati yaliyokuwa yakiwaka kwa jua la Agosti, alikuwa amelala baba yao.

Zéphirin alikuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kuandika vyeti vya watoto waliozaliwa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hivi kwamba akina mama wasiojua kusoma walikaa kuutazama tu. Kisha wakaja Simba. Ndivyo walivyojiita wale vijana wa uasi, wenye majani kichwani na mikuki mikononi, wachache wao wakiwa na bunduki. Waliuteka mji bila jasho jingi. Askari wa serikali walivua sare na kukimbia. Halafu Simba wakaanza kuwatafuta waliokula meza moja na serikali, na machoni pao kila aliyeshika kalamu alikuwa amekula. Makarani wenzake Zéphirin walichukuliwa mchana kweupe, mmoja akiwa bado na kijiko mkononi. Hakuna aliyerudi.

Mtaani ikasemwa kwamba Zéphirin alipanda mashua kwenda Yangambi kumwuguza mama yake, kabla vita haijafika. Watoto nao waliambiwa hivyo hivyo. Ulikuwa uongo mfupi, mwepesi, ambao hata Timo wa miaka minne angeweza kuubeba bila kuumwaga.

Angèle alikuwa amehamia kwa dada yake, Clothilde, shule yake ya watoto wadogo ilipofungwa. Cheti chake cha ualimu kilikuwa bado kipya. Alikuwa amefundishwa, naye akaamini kwa moyo wake wote, kwamba mtoto asiyejua kusoma anasoma mchezo. Ukimpa mchezo wa haki, atakua mtu wa haki. Ukimpa mchezo wa hila, utaikuta hila hiyo ukubwani mwake. Siku ya uhuru alikuwa amelia kwa furaha katikati ya barabara, kwa sababu alidhani kuanzia sasa watoto wote wa Kongo watacheza vizuri. Na sasa alikaa kizingitini akichambua michezo kama mtu anayechambua uyoga: huu unaua, huu hauui.

Kukimbizana kuliua. Simba walikuwa wameoga dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa ile ilikuwa na miiko yake: mwanamke asimguse Simba, na mtu yeyote ambaye hakuoga asimguse. Mtaa wa pili watoto walikuwa wakikimbizana, mmoja akageuka ghafla, akampiga Simba paja kwa kiganja, akicheka, "Wewe sasa!" Baba wa mtoto yule alichapwa mpaka akakojoa damu. Tangu siku hiyo Nyota na Timo hawakukimbizana tena.

Nyimbo za kuzunguka nazo ziliua. Zote zilitungwa wakati wa uhuru, zilijaa majina ya vyama na ya wakubwa, na hakuna aliyejua ni jina gani la asubuhi ambalo lingekuwa tusi jioni.

Likabaki sanduku. Angèle alikuwa amelileta kutoka shuleni chini ya nguo zake: kadi za picha kwa watoto wasiojua kusoma, kila picha ikiwa na pacha wake.

"Yaya, ni picha tu," alimwambia dada yake mkubwa. "Kuku, samaki, bwato, nyumba. Mtoto anatafuta kuku, anamweka juu ya kuku. Kuna ubaya gani?"

Clothilde alikuwa akimenya ndizi za kupika na kuponda lituma. Hakuinua uso. "Juu ya kifuniko iko Kifaransa."

"Imeandikwa kwamba ni mchezo wa watoto wa miaka mitatu."

"Alors, utamusomea Simba? Utasimama pale mulangoni na cheti yako, umusomee?"

Angèle akazichoma kadi moja moja chini ya sufuria. Timo alichuchumaa karibu, akimtazama kuku akijikunja motoni.

"Mama Leki, kuku anafanya nini?" Hivyo ndivyo watoto wa Kisangani wanavyomwita mdogo wa mama yao.

"Anaiva."

"Tutamukula?"

"Tutakula ndizi alizotupikia."

Timo akafikiri sana. "Huyo kuku muzuri," akasema.

Clothilde akacheka, akaziba mdomo kwa mkono uliojaa utomvu wa ndizi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mumewe apande darini.

Mchezo ambao hauui ulitoka kwao wenyewe. Clothilde na Angèle walikuwa wazaliwa wa maporomoko, watoto wa wavuvi wanaotega mitego mikubwa ya vikapu kati ya mawe na maji makali. Nyumbani kwa baba yao samaki hawakugawanywa kwa upendeleo wa mkubwa. Walipangwa mafungu juu ya majani, kisha mtu mmoja akageuka na kuwapa wenzake mgongo. Mwingine aligusa fungu kwa kijiti, akauliza, "Hii ya nani?" Yule aliyegeuka alitaja jina, bila kuona kama fungu ni mnofu au ni kichwa na miiba. Hakuna aliyenung'unika. Na palikuwa na sheria, ambayo baba yao aliirudia kama sala: aliyelala nyumbani ana fungu lake, awe mgonjwa, awe mkosaji. Msafiri hana fungu. Atagawiwa huko aliko. Aliyekufa, fungu lake la mwisho linarudishwa majini.

Angèle alipoukumbuka alikaribia kupiga makofi. Hakuna kukimbia, hakuna kugusana, hakuna kelele, hakuna karatasi. Mtoto anakaa chini mahali pamoja, anajifunza kuhesabu na kutaja, na juu ya yote anajifunza kwamba hakuna anayeachwa. Aliokota kokwa za mawese nyuma ya nyumba, akakata majani, akawafundisha. Watoto waliupenda mara moja. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na utulivu ambao ungeweza kuitwa amani kama mtu hangenusa jasho lililoshuka kutoka kwenye mikeka.

Alasiri moja alikuwa akifagia uani akawasikia ndani.

"Hii ya nani?" Sauti ya Nyota.

"Ya mama."

"Hii ya nani?"

"Ya Mama Leki."

"Hii?"

"Ya papa."

Ufagio ukasimama. Angèle alingoja Nyota, ambaye alikuwa na miaka sita na aliipenda sheria kuliko hakimu, amsahihishe mdogo wake: papa yuko safarini, msafiri hagawiwi. Nyota hakusahihisha. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Haya. Na hii?"

Jioni Angèle alimchukua Nyota hadi nyuma ya nyumba, kana kwamba wanakwenda kuanua nguo.

"Tangu lini unajua?"

Nyota alikunja shati dogo la Timo vizuri kabisa kabla ya kujibu. "Tangu alipokohoa."

"Na Timo?"

"Aliona mkono. Mama alipompa sahani, mkono ulishuka kutoka juu. Timo akasema ni mkono wa papa, uko na ile alama."

"Mbona hukutuambia kwamba unajua?"

"Mulisema iko Yangambi," mtoto akasema. "Nikaona munataka akae Yangambi."

Angèle alitaka kumkumbatia na alitaka kulia, akaanua nguo zilizobaki. Usoni mwa mtoto huyu hapakuwa na mchezo wowote. Wiki zote zile alikuwa akibeba peke yake kitu ambacho watu wazima wawili walishindwa kukibeba bila kutetemeka.

Aliubadilisha mchezo kesho yake. Sasa hawakutaja watu. Walitaja wanyama wa mtoni. Fungu la mamba, fungu la kiboko, fungu la kambale. Timo alinuna kidogo, kisha akapenda kwamba kila siku angeweza kumpa kiboko fungu dogo.

Hapo ndipo alipokuja Lukumani.

Alikuwa Simba wa kizuizi cha kona ya barabara, kijana mrefu mwenye ngozi ya paka-mwitu kiunoni na bunduki ambayo kitako chake kilikuwa kimefungwa waya. Hakubisha hodi. Angèle aliinua macho tu, akamwona amesimama mlangoni akitazama mafungu ya kokwa.

"Hii ya nani?" Nyota alikuwa akiuliza.

"Ya mamba!" Timo akajibu, mgongo wake ukiwa umegeukia mlango.

"Mamba anakula kokwa?" Lukumani akasema.

Timo aligeuka, akaruka kwa furaha ya kupata mgeni, akakimbia kumwelekea mikono yake ikiwa wazi. Angèle alimdaka shati kabla hajafika. Kilichobaki kati ya vidole vya mtoto na paja la Simba kilikuwa upana wa kiganja. Lukumani mwenyewe alikuwa amerudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

"Asiniguse," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kuliko ya kuamuru.

"Hatakugusa, mon commandant. Mutoto mudogo, hajui."

"Mimi si commandant. Mimi Lukumani." Alichuchumaa mbali kidogo, bunduki magotini. Alinuka kama mtu ambaye hajaoga tangu siku ya dawa. "Kwetu, kule juu ya Lualaba, tunagawanya hivi hivi. Lakini hapana kutaja mamba. Mamba iko mwizi, nani atamupa fungu? Inatajwa watu wa nyumba."

"Watoto wanapenda mamba," Angèle akasema.

"Mumewaharibia muchezo." Akacheka, akaonekana mdogo kuliko bunduki yake. "Weye, petit, unaitwa nani?"

"Timo. Weye unaitwa Simba?"

"Mimi tonton Lukumani, mujomba wako. Nina mudogo wangu kama weye. Anaringa hivi hivi." Aliinuka. "Kokwa ni fungu la panya. Kesho nitawaletea kitu cha kugawanya, na tutacheza vizuri, kwa majina."

Alipokwenda, Clothilde alitoka jikoni na mchi mkononi. Alikuwa ameushika muda wote ule.

Hawakuwa na siku nyingi za kufikiri. Jirani yao Papa Waziri, fundi wa nguo, alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walifika na misafara ya biashara, na Simba walimheshimu kwa kuwa aliwashonea. Alikuwa amejua muda mrefu bila kuambiwa. Jioni ile alisogea kwenye ua wa miti, akasema huku akitazama kwingine, kana kwamba anaongea na kuku wake.

"Mimi sijui kitu, mama. Lakini shemeji yangu Daudi anashuka mto na bwato keshokutwa kwenda soko la Yanonge. Amebeba magunia. Gunia moja likizidi, hana tabia ya kuuliza liko na nini."

"Keshokutwa," Clothilde alirudia.

"Kama gunia halikohoi," Papa Waziri akasema, akaingia ndani.

Basi palikuwa na kesho moja ya kupita. Angèle alimkalisha Timo mapajani. Yeye aliyefundishwa kwamba mchezo wa mtoto usiwe na uongo, alianza kumfundisha uongo kwa mchezo.

"Tonton Lukumani akija, tutataja watu gani?"

"Mama. Mama Leki. Nyota. Mimi. Papa."

"Papa hapana. Papa iko Yangambi."

Timo alicheka kwa sauti, akaelekeza kidole juu. Angèle alikifunika kidole kile kwa mkono wake, akakishika ndani ya ngumi.

"Iko Yangambi, Timo. Msafiri ana fungu?"

"Hana."

"Basi papa ana fungu?"

Mtoto alitazama ngumi iliyofunika kidole chake. Machozi yakamjaa. "Lakini yeye analala hapa," akanong'ona. "Ulisema aliyelala nyumbani anapewa. Ulisema hata mukosaji."

Ulikuwa ukweli. Ndiyo haki yenyewe aliyomfundisha, na mtoto alikuwa ameielewa vizuri kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kuwa naye.

Lukumani alikuja kesho yake alasiri, akiwa na pakiti ya sukari ya vibonge kutoka duka lililovunjwa mjini. Watoto hawakuwa wameona sukari tangu vita ianze. Timo alikuwa ameisahau hata rangi yake. Clothilde alisema watoto wana homa, wapumzike. Lukumani aliwatazama wakichungulia kutoka nyuma ya pazia, macho yakiwaka.

"Homa hii inaponywa na sukari," akasema, akaketi chini.

Alitandika majani mwenyewe. Alitaka kuufanya mchezo vizuri, kama kwao, na mikono yake ilikuwa na uangalifu wa mtu aliyekosa kitu hiki muda mrefu. Vibonge viwili kila jani. "Mama wa nyumba. Mademoiselle. Nyota. Timo. Na miye mugeni. Hakuna anayegusana, kila mutu anaokota yake. Bon. Timo, geuka."

Timo hakugeuka. Alikuwa akiyatazama majani.

"Geuka, petit."

"Bado."

"Bado nini?"

Angèle alisema haraka, "Timo, geuka, tonton anangoja." Lakini sukari haikuwa kokwa. Kokwa ungeweza kumnyima mtu katika mchezo, na usiku akawa hajapoteza kitu. Hii ilikuwa sukari ya kweli, na pale juu palikuwa na mtu ambaye angeikosa kweli.

"Papa hana," Timo akasema.

Jikoni mchi ulikuwa ukitwanga. Ukanyamaza.

"Papa amekufa," Nyota akasema. Alisema bila kupepesa macho, mikono yake ikiwa imetulia magotini.

Lukumani aligeuza kichwa polepole. "Pole. Mutaani wanasema iko Yangambi."

"Alikufa huko Yangambi."

"Lini?"

"Zamani."

Kijana yule alitazama kupitia mlango wa jikoni, pale Clothilde aliposimama. Alizitazama nywele zake. Zilikuwa zimesukwa vizuri, mistari mipya. Angèle alikuwa amemsuka siku ile ile, ili mikono yao iwe na kazi. Mjane gani husuka nywele?

Lukumani aliweka jani la sita. Aliweka vibonge viwili juu yake. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kijana aliyechoka ambaye wakubwa wake wangemuuliza.

"Kwetu," alisema taratibu, "fungu la aliyekufa linarudi katika maji. Timo, hii ya papa. Twende tuitupe mutoni?"

"Hapana!" Timo alilifunika jani kwa mikono miwili. "Usitupe! Papa ana njaa."

"Ana njaa wapi?"

Angèle alikuwa karibu na Lukumani kuliko mtu yeyote. Mkono wa kijana ulikuwa wazi, kuanzia bega hadi kiwiko. Alielewa kwamba angeweza kuugusa. Kiganja kimoja cha mwanamke kwenye ngozi ile, na dawa ingevunjika, na angepiga kelele, na lolote ambalo lingefuata lingemfuata yeye, si mtoto. Aliinua mkono. Ulikuwa hewani, na mdomo wa Timo ulikuwa umefunguka, na kichwa chake kidogo kilikuwa kimeanza kuinuka kuelekea darini.

"Timo."

Sauti ilitoka juu. Ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyesahau kuongea.

"Timo, usijibu. Hiyo ni yangu. Nashuka kuichukua."

Mikeka ilipasuka chumbani. Walisikia miguu ikitafuta kitanda, kisha sakafu. Zéphirin alitokea amejipinda, kwa sababu mgongo ulikuwa umesahau kunyooka, ndevu zimejaa utando wa buibui na vumbi, akipepesa macho kwenye mwanga wa mlango. Lukumani alikuwa ameruka juu na bunduki yake. Kati ya wanaume wawili wale, hakuna aliyejua nani alikuwa anaogopa zaidi.

"Mbona umeshuka?" Lukumani akasema. Ilikuwa kama analalamika. "Mutoto alikuwa hajasema kitu."

"Ndiyo maana nimeshuka," Zéphirin akajibu.

Alichuchumaa mbele ya jani la sita. Aliokota kibonge kimoja, akakiweka mdomoni, akafumba macho kwa utamu wake. Cha pili alikitia mfukoni mwa shati, mahali ambapo zamani alichomeka kalamu. Kisha aliwagusa watoto vichwani, wa kwanza Nyota, halafu Timo, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti aliyoitumia komini alipotaka mtu aelewe vizuri kilichoandikwa:

"Nimeshuka mimi mwenyewe. Hakuna aliyenisema. Mmesikia? Clothilde, umesikia?"

Clothilde alikuwa ameketi pale pale alipokuwa amesimama.

"Angèle?"

"Nimesikia, shemeji."

Lukumani hakumfunga kamba, kwa sababu hakuruhusiwa kumgusa. "Tangulia," alisema tu. Wakatoka, mmoja mbele amejipinda, mwingine nyuma na bunduki, wakashika njia ya mjini. Juu ya majani vilibaki vibonge vya watu watano. Fungu la mgeni nalo lilikuwa pale. Hakulichukua.

Novemba ndege zilikuja, askari wa Kibelgiji wakateremka kutoka mbinguni kwa miavuli, na Simba wakakimbilia msituni, na mjini watu waliuawa na pande zote mbili mpaka mto ukakataa kuonekana safi. Clothilde alikwenda kila mahali palipokuwa na maiti. Alitazama viatu, kwa kuwa nyuso hazikufaa tena. Hakumpata. Aliporudi, jirani wa kike alimwambia anyoe nywele, aweke matanga, mambo yaishe. Clothilde alisema atanyoa siku atakayoonyeshwa kiatu.

Timo hakula sukari. Mahali popote watu walipogawana kitu, ziwe ni karanga, kiwe ni kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, alitoka nje na kusimama nyuma ya ukuta mpaka wamalize. Mara kwa mara, bila sababu, wakati Angèle akimwosha miguu au akimfunga vifungo, aliuliza:

"Mama Leki, ni miye nilisema?"

"Hukusema. Papa alishuka mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nilikuwa pale, nilisikia."

Na ilikuwa kweli. Katika mambo yote waliyowaambia watoto mwaka ule, lilikuwa jambo moja ambalo Angèle aliweza kulisema bila kumeza mate. Alijua limenunuliwa kwa kiasi gani, na alilitoa kila lilipoombwa, hata mara kumi kwa siku.

Mwaka uliofuata alifungua tena darasa, chini ya paa la nyasi, kwa sababu jengo lilikuwa limechomwa. Watoto walikuja bila vitu, na wengi bila baba. Hakuwa na sanduku la picha wala chaki. Asubuhi ya kwanza alikaa mbele yao akichambua tena. Kujificha: kulikuwa na watoto walioanza kupiga mayowe ukiwaambia wajifiche. Kukimbizana: yule wa mtaa wa pili alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliwapa udongo wa mfinyanzi wafinyange wanachotaka. Mchezo wa mafungu hakuutaja.

Lakini mchezo haumngoji mwalimu. Siku moja wakati wa kupumzika aliona kundi limechuchumaa kivulini, kokwa zimepangwa juu ya majani, na Nyota ameshika kijiti. Timo alikuwa amesimama kando, mgongo kwenye nguzo. Angèle alianza kwenda kuwatawanya. Kisha Timo alijitenga na nguzo, akasogea, akageuka, akawapa wenzake mgongo.

Nyota alimtazama mdogo wake. Akagusa jani la kwanza.

"Hii ya nani?"

"Ya mama."

"Hii ya nani?"

"Ya Mama Leki."

"Hii?"

"Yako."

"Hii?"

"Yangu."

Lilibaki jani moja. Kijiti kilisimama juu yake, na Nyota hakuuliza. Hakuhitaji kuuliza, Timo alijua lipo. Angèle alisimama juani akiipitia ile sheria ya baba yake, akitafuta mahali pa kumweka Zéphirin. Hakuwa amelala nyumbani. Hakuwa na maiti, hata fungu lake lirudishwe majini.

"Huyo iko Yangambi," Timo akasema hatimaye. "Atagawiwa huko."

Akageuka, akachuchumaa, akazikusanya kokwa za jani la mwisho ndani ya kiganja chake, akazitia mfukoni mwa shati.

Angèle angeweza kumsahihisha. Alikuwa amesomea kusahihisha. Alikaa chini kati yao, akavuta jani jipya kutoka kwenye rundo.

"Haya," akasema. "Sasa ni zamu ya nani kugeuka?"